Unga wa Mfupa na Mrija wa Mama Mkwe

Jumapili, 5 Oktoba 2025
Mimi, mke wa mtu, mwezi wa pili sasa! Naandika tena ili nione: mke wa Manzi! Leo asubuhi kaniambia alinipendea tabasamu. Roho ikaniruka. Jino la mbele la tabasamu hilo ni la kubandika! La kwangu lilibaki barabarani Mbugangari nilipoanguka na moto, ile pikipiki ya kukodi, kabla sijamjua. Kabla ya harusi Daktari Onésphore alinitia tayani unga wa mfupa wa bandia. Ukishikana na mfupa wangu, atapanda jino la kudumu. Picha ya eksirei Jumatano. Hadi hapo, marufuku kufyonza kwa mrija, unga usije ukang'oka. Manzi hajui lolote.

Jioni mama mkwe akaleta mtungi wa ikigage. Pombe ya mtama, mrija mmoja, mdomo kwa mdomo. Bibi arusi akikataa, amekataa ukoo. Mrija ukanifikia. Nikashika tumbo, nikainamisha macho. Mama mkwe akaruka: "Huyu iko na mimba! Hamuone?" Vigelegele. Akili ninayo!

Jumatatu, 6 Oktoba
Manzi kanichotea maji. Kanipikia uji, umeungua, nimeumaliza. Kasema akiwa msichana ataitwa Uwase, kisha akaliimbia tumbo. Mpenzi wangu! Kumwambia ukweli sasa ni ukatili. Nikasema Jumatano naenda Mahoko kununua maharagwe. Akakataa: mwenye mimba hapandi moto peke yake. Basi nikasema jino linauma kidogo. Atanisindikiza. Ole wangu.

Jumatano, 8 Oktoba
Mpiga picha wa eksirei akauliza kama nina mimba. Kabla sijafungua mdomo, Manzi kwa fahari: "Iko nayo! Donc pole pole na bibi yangu!" Mashine ikazimwa. Picha si ya haraka, wakasema, ingoje mtoto azaliwe. Daktari akakuna kichwa. Bila picha hapandi kitu, na kama unga umekataa, ni heri ajue leo.

Nikayasema yote, nikiutazama ukuta. Jino. Mimba. Manzi akatoka nje.

Nikapigwa picha nikilia. Ikarudiwa, maana kidevu kilitikisika. Kwenye kioo cha kompyuta, mfupa wangu wa kijivu, na pale kwenye pengo, chembe nyeupe kama chumvi. Daktari akasogeza uso. Akatafuta mstari mweusi kati yake na mfupa. Akatafuta tena. Hakuna. Umeshika!

Nikageuka. Manzi mlangoni. Kasema jino alilijua tangu juma la kwanza la ndoa. Alilikuta kwenye kikombe cha chai ninamolilaza usiku, akalirudisha polepole nisiaibike. (Nani mwingine ana mume kama huyu?) Lakini Uwase ameshamwimbia. Hilo ndilo limemuuma. Njia nzima, yeye akiendesha moto, nimemkumbatia kiuno. Tulipofika, neno moja: Jumapili nimwambie mama mimi mwenyewe. Nimeapa.

Jumapili, 12 Oktoba
Daktari anapanda skrubu ya jino Alhamisi. Marufuku mrija tena!

Mama mkwe kaja na mtungi. Na ngozi ya kubebea mtoto, ileile aliyombebea Manzi. Kaitandaza magotini pangu, kailainisha kwa kiganja. Manzi akaniminya mkono: sema. Mrija ukawa unakuja.

Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo nitoe ukweli.

"Mama," nikasema, "ngozi moja haitatosha. Ni mapacha."