Ubora wa Mwanangu Haupunguzwi

Jumatatu, tarehe 3

Binti yangu amekuwa wa kwanza! Wa kwanza chuo kizima cha upimaji ardhi, wavulana kwa wasichana, na ndiye aliyesoma hotuba siku ya mahafali! Haya, daftari, hujambo. Samahani nimeingia na makelele. Wewe ni daftari la vipimo vya wateja, najua, lakini leo kiuno cha mwalimu mkuu kisubiri.

Mimi sikwenda. Mama mkwe kavunjika mguu, yuko kitandani, nani angemgeuza? Na ndiye aliyemlea huyo binti miaka minne nilipokuwa najifunza cherehani. Leo kaniambia hataki kusimuliwa. Anataka amwone mjukuu wake akisema mbele za watu, kwa macho yake mwenyewe, maana hajui macho hayo yamebakiza siku ngapi. Nikamwambia, Mama, tulia, utaona.

Wifi yangu naye anapita mitaa yote. Mwanawe, yule anayemwita Bosi, kamaliza chuo kilekile siku ileile, kwa kunusurika. Wifi anasema binti yangu kawa wa kwanza kwenye foleni ya chakula.

Tutaonana! Nimewaalika majirani wote, na wifi kwanza. Jumamosi saa kumi, chumbani kwa mama mkwe, waione video.

Jioni zimeingia video mbili kwenye simu yangu. Moja kubwa, moja ndogo. Simu ikalia kwamba imejaa. Nikaifuta ile ndogo. Mtu aliyewashinda wote, udogo wa nini? Binti kaandika na ujumbe mrefu. Nitausoma nikitulia.

Jumanne, tarehe 4

Picha imegoma. Sauti inakwenda, picha imesimama! Binti yangu kafungua mdomo, kabaki hivyohivyo kama anasubiri kijiko cha dawa. Sauti imefika kwenye “ndugu wazazi”, yeye bado yuko kwenye “mheshimiwa”. Kisha picha ikaruka kama panzi, ikasimama tena. Simu ya moto kama pasi. Na si simu mbaya. Tuliinunua binti akiingia kidato cha kwanza, na kioo kimepasuka pembeni tu.

Nimefikiri kama mtu mzima. Kilicho cha moto kipozwe. Nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaiweka kwenye friji kati ya vitunguu na maziwa. Baba Watoto kaja kutafuta maji ya kunywa, friji likaanza kuita. Kaniuliza marehemu huyu anazikwa lini. Aliyelala na simu ya tochi maisha yake yote atajua nini?

Baada ya saa nzima nikaitoa. Picha bado inaruka, ila sasa na kioo kina ukungu.

Jumatano, tarehe 5

Wifi kaja dukani kwangu kupunguza sketi. Kasikia, sijui kwa nani. (Baba Watoto!) Kasema kwa ile sauti yake ya sukari, “Wifi yangu, simu si aibu, kila mtu na kipato chake. Chukua yangu hii mpya, tumwoneshe Mama.” Akaitoa kwenye mkoba taratibu, kama anafunua mtoto mchanga.

Nikamwambia ahsante, simu yangu haina tatizo, inapumzika. Akacheka puani.

Sketi yake nimeipunguza vizuri kabisa. Labda nimezidisha kidogo. Atajua atakapokaa.

Alhamisi, tarehe 6

Nimekwenda kwa fundi simu, dirisha la tatu kutoka kwangu. Mzee wa makamo, miwani kwenye kamba, hachangamki. Kaitazama video, kasema imepigwa kwa simu ya kisasa, ni nzito, simu yangu haiwezi kuimeza. Kasema anayo programu kwenye kompyuta ya kuibadilisha iwe nyepesi. Atashusha ubora kidogo tu, itateleza kama maji.

Nikamwambia hebu rudia. Karudia. Atashusha ubora.

Ubora wa nani? Wa mwanangu? Miaka mitatu anasoma kwa taa ya jirani, leo aje mtu na miwani ya kamba amshushe ubora! Kasema ni ubora wa picha, Mama, si wa binti. Nikamwambia mimi nimeshona miaka ishirini na mbili. Nguo ikiwa kubwa hatubadilishi kitambaa kuwa kibovu. Tunakata pembeni. Na wewe kata pembeni, kushoto na kulia, mpaka ienee kwenye simu yangu. Katikati usiguse.

Kaniuliza kama nina hakika na pembeni pana nini. Nikamwambia pembeni siku zote ni mapazia na wapiga makofi. Mtu wa maana hukaa katikati. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa. Kasema mteja ni mfalme, ila kesho nije niitazame kabla sijaondoka nayo.

Ijumaa, tarehe 7

Imekubali! Inakwenda bila kukwama hata mara moja!

Nilikwenda kuichukua mbio, mteja wa gauni la harusi ananisubiri. Fundi kasema nitazame mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia nitatazama. Nikaitegesha kwenye cherehani nikaisikiliza huku nashona, maana macho ya mshonaji hayaachi mshono. Dakika kumi na mbili! Sauti ya mwanangu kama kengele. Aliposema “bibi yangu aliyenilea”, nikalia, nikajichoma sindano. Damu tone moja kwenye gauni. Nimeifunika na ua la lesi, mteja kalisifu sana.

Nimempitia wifi mlangoni kumkumbusha saa kumi. Nimemwambia aje na leso.

Jumamosi, tarehe 8

Sijui niandike nini.

Walikuja kumi na mmoja. Mama mkwe nimemwegemeza kwenye mito mitatu, kitambaa kipya kichwani, miwani imefutwa. Simu nimeitegemeza kwenye chupa ya mafuta. Nikatoa maneno machache ya utangulizi. (Baba Watoto anasema yalikuwa mengi.) Nikabonyeza.

Ikateleza kama maji. Sauti ya binti yangu ikajaa chumba. Na kwenye picha, katikati, kwa dakika kumi na mbili, Bosi! Bosi kasimama kwenye mstari wa wahitimu. Bosi anajikuna sikio. Bosi anapiga miayo. Msoma hotuba, kumbe, huwekwa pembeni kwenye kipaza sauti; Jumanne nilimtazama mdomo tu, sikuangalia kasimama wapi. Kwenye sehemu niliyoikata! Binti yangu kabaki kiwiko. Kiwiko kimoja, kinatokea kila akifungua ukurasa.

Mama mkwe katazama hadi mwisho. Kisha kasema kwa upole, “Kumbe Bosi anajua kusema hivi! Ila sauti imelainika. Mungu akubariki, mjukuu wangu.” Wifi akapiga vigelegele hadi sketi ikaachia mshono.

Nilimweleza Mama kwamba kile kiwiko ndicho. Kasema kiwiko ni kizuri pia.

Jumapili, tarehe 9

Sikulala vizuri. Nimetulia, nikausoma ule ujumbe mrefu wa Jumatatu. Umeandikwa: “Mama, nimetuma mbili. Ile ndogo nimeibadilisha mwenyewe kwa ajili ya simu yako. Tumia hiyo. Kubwa ni ya kuweka tu. Tafadhali usifute ndogo.”

Haya.

Nimemwandikia kwamba ile ndogo imepotea yenyewe. Kaituma tena, bila maswali. Huyo ndiye mwanangu! Nikaipeleka kitandani kwa Mama, tukiwa wawili tu na paka. Binti yangu mzima mzima, joho na kofia, na picha haikukwama. Mama akanyoosha kidole amguse shavu, video ikasimama. Akasema iache hapohapo. “Ndiye,” akasema. “Ndiye huyu.” Akaishika simu mpaka usingizi ukamchukua.

Jumatatu, tarehe 10

Lakini nani kaona? Mama mkwe na paka! Mtaa mzima bado unampongeza Bosi kwa hotuba.

Nimefikiri kama mtu mzima. Kosa lilikuwa simu, ni kijisanduku tu. Nimeunganisha mashuka meupe manne, mishono miwili miwili, yananing'inia uani kutoka paa hadi ardhini. Fundi simu anayo mashine ya kurusha picha ukutani. Nimemwambia aichukue ile ndogo aikuze ienee mashuka yote. Kavua miwani. Kasema ndogo ikikuzwa hivyo itakuwa madoadoa, na kuna jambo jingine kuhusu mwanga. Nikamwambia fundi, wasiwasi wako ndio ulionikatia binti.

Binti naye kasikia, kaandika ujumbe mwingine mrefu. Nitausoma nikitulia.

Wameshaambiwa wote, wifi kwanza. Uani kwetu, Jumamosi, saa nane mchana, jua likiwa kali, ili kila mtu aone vizuri.