Lenzi ya Kumvuta Zulekha

4 Agosti, Jumatatu

Nimefukuzwa kiti cha mbele. Mimi! Bibi wa mwimbaji!

Ni mazoezini, ukumbi wa Magomeni. Jumapili mjukuu wangu Zulekha anaimba taarabu peke yake, mara ya kwanza. Nikaimba naye kidogo tu. Bwana Kitwana, mkuu wa kundi, kasema sauti yangu inamfunika mwimbaji, siku yenyewe nikae nyuma, pale mlangoni. Kasema kwa adabu, na shikamoo juu. Nimemwambia ana kichwa kama birika. Kisha nikampa vitumbua, maana amekonda.

Shida ni picha. Mama yake Zulekha, mwanangu Rukia, yuko Maskati anafanya kazi za ndani, miaka sasa. Hataki uimbaji. Anataka binti arudi kwenye cherehani. Nimembembeleza kwenye simu mpaka kalainika. Kasema, basi nionyesheni uso wake akiwa anaimba. Uso tu. Nikiuona nitajua kama ni mchezo au ndiyo maisha yake. Nimeapa ataupata.

Nimejaribu kwa simu kutoka mlangoni. Zulekha kawa punje ya mchele iliyovaa ushungi.

Jirani yangu Moza kajitolea kupiga yeye. Na simu yake iliyopasuka kioo! Nimemwambia asante shoga, kampige paka wako. Uso wa mjukuu wangu hautafika Maskati kwa mkono wa Moza.

5 Agosti, Jumanne

Mpangaji wangu Gaudens hupiga picha za pasipoti hapa mtaani kwetu Gerezani. Kaniazima kamera yake ya akiba. Kasema kwa umbali ule nahitaji lenzi ya kuvuta, niende Kariakoo kwa Aaron, anakodisha.

Aaron ni kijana wa Kichaga, duka liko ghorofani. Shikamoo bibi, karibu, unatafuta chaja? Marahaba, nikamwambia, chaja utanizika nayo, leo nataka lenzi. Kaweka mbili mezani. Moja ndefu, nyembamba, kama mchi. Nyingine fupi kidogo, nene, nzito kama boga. Akaanza kunisomea namba zilizochorwa kwenye vioo. Nikamwambia shule sikuiona, anieleze kama anamweleza mtu. Basi kasema mchi unavuta mbali sana, ila mdomo wake mdogo, gizani unakunywa mwanga kwa mrija. Boga halifiki mbali kama mwenzake, lakini mdomo wake mpana. Kwa ukumbi wenye taa hafifu ndilo lenyewe.

Nikaomba niujaribu mchi dirishani. Ewe Mola!

Mtaa wote ukanijia. Njiwa juu ya bati la mbali, shingo yake ina rangi kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi. Mwanamke kwenye ghorofa ya mbali kabisa anaanua kanga, ameuma kibanio na bado anaimba. Kelele za Kariakoo zikabaki chini huko, na watu wakawa wanatembea kama wamo ndani ya maji. Nikamwona mzee amesinzia juu ya marobota ya vitenge. Nzi akatua puani mwake. Nikampungia nzi mkono aondoke.

Aaron akakohoa. Kumbe wateja wamejaa nyuma yangu.

Nimechukua mchi. Aaron kaguna. Nimemwachia bangili yangu ya harusi kama dhamana, na onyo asiivae.

6 Agosti, Jumatano

Nimefunga mapazia, sebule ikawa na giza la ukumbi. Nikampiga Gaudens kwenye kochi. Picha ya kwanza, giza tupu. Akaichezeachezea, kasema lazima kamera ifumbue jicho muda mrefu ili ikusanye mwanga. Ya pili, Gaudens ana pua tatu. Alipiga chafya. Akaiongezea ukali wa kuona gizani. Ya tatu, chenga tupu, kama amepakwa uwele uso mzima.

Lakini nimegundua! Lenzi haina kosa, watu ndio wanatikisika. Nikamwita Zulekha, nikamwagiza Jumapili asimame kama nguzo ya umeme, afungue kinywa tu. Kaniuliza, na mabega je? Mabega yapumzike, nikasema. Kacheka mpaka akakaa chini. Kasema, mke mwenzangu wewe, taarabu bila mabega si itakuwa tangazo la msiba?

Mtoto huyu akicheka, chumba kinaongezeka upana. Nimemlisha mpaka akaomba msamaha.

8 Agosti, Ijumaa

Nimerudisha mchi, nimechukua boga. Aaron hakusema nilikwambia. Kijana mwenye malezi. Ila alitabasamu. Nimemwambia meno hayo ayafunike.

Boga linavunja shingo. Lakini gizani! Sebule ileile, mapazia yaleyale, na nimeona mpaka kovu la Gaudens chini ya kidevu. Kumbe alianguka na baiskeli utotoni. Anakaa kwangu siku zote hizi na sikuwahi kumwambia pole. Nimempa pole leo.

Mchana nikalala nalo kifuani. Nikaota nimeligeuzia upande wa bahari. Maji yakajikunja kama shuka la kuwekwa kabatini, na ng'ambo nikaiona Maskati. Rukia yuko juu ya paa, anaanika mashuka ya watu, meupe, marefu, hayaishi. Kila yakipepea napata kipande chake. Kiwiko. Kisigino. Sikio lenye hereni niliyomnunulia. Nikangoja uso. Nikazungusha boga taratibu, taratibu. Shuka moja likaanza kupanda na upepo...

Moza akagonga mlango. Anataka kuazima mbuzi ya nazi!

Mbuzi nimempa. Na nimemwambia onyesho la Jumapili linaanza baada ya isha. Kwa kweli linaanza baada ya alasiri. Mungu anajua ninavyochokozwa.

10 Agosti, Jumapili

Nimefika, Moza keshafika! Zulekha mwenyewe alimwambia saa. Moza kavaa dera la zambarau lenye vitu vya kumeta, kama mti wa taa.

Mapazia yamefungwa, taa za bluu, feni zinazungusha moshi wa udi. Mimi mlangoni, boga mapajani. Fidla zikaanza. Zulekha akatoka.

Nikaweka jicho. Yuko hapa! Kope zake. Jasho dogo juu ya mdomo. Wanja umechafuka pembeni, alipojisugua kwa woga. Kisha akaimba, na woga ukamtoka usoni. Niliuona ukitoka, kama mvuke kwenye kikombe. Sura ya Rukia ikaja, kisha ya marehemu mama yangu, kisha yake, zikapokezana kwenye mwanga ule wa bluu. Ubeti mzima nikawa naelea.

Sikubonyeza. Nilisahau kabisa!

Kwenye kiitikio nikazinduka, nikaanza kubonyeza. Ndipo wanawake wakainuka kutunza. Jamani! Nahudhuria taarabu tangu sijaolewa, nimetunza waimbaji mpaka visigino vikaota sugu, na katika mahangaiko yote haya ya lenzi sikukumbuka kwamba watu hutunza! Wakaja kwa madaha, noti juu, wakamzunguka. Mbele kabisa Moza. Anacheza polepole, anatoa noti polepole, haondoki. Nikapiga kelele, pisha wewe! Watu wakadhani nimekolea. Wakanipigia vigelegele.

Nina mgongo wa Moza kwa kila upande. Boga ni lenzi ya kweli. Kila uzi wa dera unaonekana.

11 Agosti, Jumatatu

Rukia kapiga simu analia. Nikajua tumekwisha, cherehani inamngoja mtoto.

Kumbe ameuona uso! Moza alikuwa anatunza kwa mkono mmoja, kwa mwingine anapiga picha na ile simu yake, akamtumia. Picha imepinda, paji limekatwa, Zulekha kafumba jicho moja kwa kicheko. Rukia kasema huyu ndiye mwanangu, mwacheni aimbe. Halafu akauliza, na wewe mama, ulikuwa wapi? Mbona wenzako wote nawaona?

Nimempelekea Moza sinia la vitumbua. Nimemkumbatia mpaka akalalamikia mbavu. Nimemwambia mgongo wake bado mpana.

Alasiri Zulekha akaja, akakaa chini, kichwa kwenye goti langu. Kasema jana kila alipokuja mtu kutunza, yeye alimtazama usoni, akinitafuta mimi. Mke mwenzangu, watu wote walikuja. Wewe tu hukuja.

Nikamfumua nywele, nikamsuka upya, ingawa zilikuwa nzuri tu. Nikamwahidi onyesho lijalo nitakuwa karibu naye kabisa, Kitwana apende asipende.

Kaondoka anaimba. Nikakaa nikafikiri sana, na tatizo nimeliona. Nilikaa chini mno! Juu ya mlango kuna roshani wanakorundika viti vibovu. Huko vichwa vyote vitakuwa chini yangu. Nimeshampigia Aaron. Anayo moja ya wapiga picha za mpira, ndefu kama mguu wa kitanda, mdomo kama sufuria ya pilau. Kasema mtu wa mbali unamvuta mpaka unahisi pumzi yake.

Karibu zaidi ya hapo, Zulekha anataka nini?