Seva Chumba Namba Saba

Jumatatu, 2 Juni 2025

Barua kutoka makao makuu Shinyanga. Kompyuta yoyote ambayo haijasasishwa hadi Ijumaa haitaingia kwenye mfumo. Na msimu wa pamba ndio huu! Bila mfumo ushirika wetu hapa Segese hautoi hata risiti. Meneja Mwigulu ameniita mimi fundi wake wa kompyuta, akasema wazi: mkataba wangu unaisha mwezi huu, na mfumo ukigoma, yeye naye atagoma kusaini.

Rhoda wa uhasibu amekuwa akibonyeza "Nikumbushe baadaye" tangu Krismasi. Nimemwomba aniachie mashine yake saa ya chakula tu. Amesema kompyuta yake haiumwi, nisiipe dawa. Eti kila kitu ni baadaye! Huyu mama atanizika.

Jumanne, 3 Juni

Bando la ofisi limekata asubuhi. Rhoda na tamthilia zake. Nimeomba jingine, meneja akasema bando la mwezi ni la mwezi. Nimejaribu kwa simu yangu. Imejikongoja mpaka asilimia mbili, umeme ukakatika, ikaanza upya. Nimekula mihogo nimesimama, kwa hasira.

Lakini kichwa hiki hakikuumbwa kuvaa kofia tu. Gesti mpya ya nyuma ya stendi, wanakofikia mabroka wa dhahabu, ina waifai ya kufa mtu. Na jenereta! Seva yetu moja ikishapakua kila kitu pale, kompyuta zote za ofisi zitachota kwake. Mali ya ushirika hairuhusiwi kuvuka geti, ndiyo. Ila anayejua ni nani?

Jumatano, 4 Juni

Seva imevuka geti. Nimeifunga kwenye blanketi la maua la mke wangu Scolastika, alilopewa siku ya send-off yake, maana vumbi la huku si la mchezo. Masalu mlinzi nimemwambia ni redio mbovu. Amenipa pole.

Pale gesti dada wa mapokezi ameuliza chumba cha mtu mmoja au wawili. Nikasema wawili, kwa sababu kina meza. Meza yenyewe inayumba! Nikailaza seva kitandani, chumba namba saba, blanketi juu.

Natoka, uso kwa uso na Mama Nelly, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, anauza maandazi ng'ambo ya barabara. Nikamwamkia. Ameitikia marahaba, akatazama mlango wa gesti, akanitazama mimi, kisha akaanza kufunika maandazi yake. Balaa.

Jioni Scolastika ameuliza blanketi liko wapi. Nikasema kwa dobi. Akasema tangu tuoane hatujawahi kuwa na dobi.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya msiba wangu. Nimekwenda gesti mapema, nikakuta kioo kinaonyesha asilimia tisini na moja. Nimekaa kando ya kitanda naihesabu kama mgonjwa anayepata nafuu. Mara hodi! Scolastika, nyuma yake Mama Nelly, nyuma yao dada wa mapokezi na funguo za akiba.

Scolastika ameuliza yuko wapi huyo mwanamke. Akachungulia uvunguni. Akasema ametorokea dirishani. Dirisha lenyewe lina nondo! Kisha akaona blanketi lake, akafunua, akaikuta seva. Akauliza ni ya nani.

Sasa niseme nini? Mume wa Mama Nelly ni mjumbe wa bodi ya ushirika. Nikisema ukweli, mkataba kwisha. Nikasema ni ya rafiki. Akauliza rafiki gani huyo wa kulazwa kitandani kwa blanketi lake. Akashika waya. Nikapiga kelele asiguse, imeandikwa usizime! Hapo ndipo nilipoharibu. Alizima.

Ameondoka mchana kwenda kwao Tinde, na blanketi lake. Nyumba ni kimya mpaka inaniudhi.

Ijumaa, 6 Juni

Seva haiwaki vizuri. Kioo cheusi, maandishi meupe, kisha giza. Masalu ameuliza kama redio imepona.

Saa nne meneja akatutangazia: vyama vingi vimechelewa, kwa hiyo makao makuu wamesogeza tarehe hadi mwisho wa mwezi. MWISHO WA MWEZI! Rhoda akanigeukia, akasema si alisema baadaye? Nilitoka nje nikapiga teke tairi la baiskeli. Ya kwangu.

Meneja amesema seva isipofufuka Jumatatu, nisijisumbue kuja. Nimemwambia ni umeme ulioiunguza. Ili ifufuke lazima nipakue yote upya, na gesti wamenipiga marufuku.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Tinde, ukweni. Nimekuja na jogoo na sukari. Nimeeleza yote mbele ya wazee, bila kuficha hata ile redio mbovu. Mama mkwe amecheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Baba mkwe amesema hajawahi kusuluhisha kesi ya bati na waya. Scolastika hakucheka. Amesema afadhali kungekuwa na mwanamke, yeye angejua pa kumshika. Kisha akanipakulia ugali, na minofu miwili. Nilimkumbuka sana, sitaki kudanganya.

Sharti lake ni moja: mali ya ofisi na mimi, mwisho getini. Nimeapa, mkono juu ya rozari ya mama mkwe. Wote wakashukuru kwa Kisukuma, wabeja sana.

Baada ya chakula shemeji Charles amenionyesha duka lake jipya la stesheneri, pale chumba cha mbele. Ana ruta! Taa nne za kijani, hazipepesi hata kidogo. Nimemwomba nenosiri, kanipa bila kuuliza.

Seva iko nje, ndani ya tenga, chini ya jogoo. Nilikuja nayo isiibiwe tu. Wote wakilala usingizi wa mchana, naiingiza. Kuna vumbi kidogo pale dukani, lakini blanketi la maua liko kwenye kamba, na naona limeshakauka.