Kitufe cha Baadaye

Bodi ya Ushirika wa Nyumba wa Grankotten, hapa Norrköping, ina furaha kuutangazia ulimwengu kwamba kompyuta mpakato ya chumba cha kufulia imetimiza mwaka wa saba bila kuguswa na maendeleo ya aina yoyote. Mafanikio haya hayakuja kwa bahati. Yametokana na uongozi thabiti, vikao vingi, na kidole changu.

Naitwa Rune Ekvall, katibu wa Bodi. Kila asubuhi nashuka chini ya jengo, nafunua kompyuta, na inaponiuliza kama tuhuishe mfumo endeshi Sasa au Baadaye, nabonyeza Baadaye. Cheo hiki hakina mshahara ila kina heshima yake. Niliposhikwa na mafua, Bodi iliteua Kaimu Mbonyezaji, naye alipewa semina.

Huenda mtu akauliza, kompyuta moja tu, ya nini kuihangaikia? Huyo hajakaa kwetu. Kwetu watu hawagombani kwa siasa wala dini. Wanagombana kwa zamu ya kufua. Mashine ziko chumba kimoja chini, kaya zote zinafua humo, na kompyuta ndiyo inayogawa zamu na kufungua mlango. Chombo chenyewe kimekula chumvi. Betri imevimba kama andazi, kifuniko kimeshikwa kwa plasta ya hospitali, na feni hukoroma kama mjomba aliyeshiba, mpaka uani inasikika. Wakazi wasio na adabu ya kiofisi huiita “ile laptopu”. Kumbukumbu za vikao huiita Miundombinu.

Mwenyekiti wetu, Torvald Lindeskog, ndiye aliyeiwekea kanuni. Kanuni anayojivunia kuliko zote ni ya chujio. Mashine ya kukaushia ina chujio linalokamata nyuzinyuzi za nguo, na mtu anayeliacha chafu hapa jengoni hutazamwa kama mwizi wa kuku. Kwa hiyo Mwenyekiti aliagiza mlango usifunguke kwa ndani mpaka mfuaji abonyeze kwenye kompyuta kwamba amelisafisha. Wajumbe kutoka ushirika wa jirani walikuja kujifunza. Waliondoka kimya, bila shaka kwa wivu.

Sasa nieleze chokochoko zilianzia wapi.

Tove Öhrn wa ghorofa ya tatu ni mkunga hospitalini, na ana mapacha ambao bado hawajaota meno. Anarudi nyumbani jioni, na jioni ndipo Miundombinu hupumzika: skrini inaganda, huandiki zamu, hufungui mlango. Watengenezaji wenyewe walishatangaza kwamba mfumo ule wa zamani hawautunzi tena. Bodi iliona jambo hilo linawahusu watengenezaji. Tove akawa anafulia nguo za watoto kwenye beseni la kuogea, akiwa amepiga magoti, mpaka mikono ikapasuka kwa sabuni. Ndipo akaleta hoja, fupi mno kwa hati rasmi: “Naomba tuiapdeti ile laptopu ili na sisi wengine tupate zamu. Wanangu wamebakiwa na soksi nne, na mbili si zao.”

Mwenyekiti alimwita akamweleza kwa upole kwamba hoja za mkutano mkuu hupokelewa hadi mwisho wa Januari, na yake ilikutwa kisandukuni asubuhi ya Februari mosi.

“Lakini Mzee Torvald, jana nilikuwa kazini, nazalisha.”

“Mtoto angeweza kusubiri.”

“Huyo? Alikuwa na haraka kama amesahau jiko linawaka.”

“Basi ameanza maisha bila nidhamu,” akasema Mwenyekiti, nami nikaandika hivyo hivyo kwenye kumbukumbu.

Hata hivyo Mwenyekiti hana roho mbaya. Aliunda Kamati ya Tathmini ya Athari za Sasa. Wajumbe walikuwa watatu: Mwenyekiti, mimi, na Mwenyekiti tena, safari hii kama mkazi wa kawaida. Tulikutana kwake mara nyingi, tukanywa kahawa, tukala mikate ya mdalasini. Mjumbe wa kawaida alimpinga Mwenyekiti mara moja, juu ya sukari.

Kamati iligundua hatari moja kubwa. Kuhuisha mfumo kungeweza kufuta haki za kihistoria zilizomo ndani yake. Haki hizo, tulipozichunguza, zilikuwa moja: Jumapili asubuhi, ambayo Mwenyekiti aliiandikisha kwa jina lake siku kompyuta ilipotolewa kwenye boksi, akaacha wazi nafasi ya tarehe ya mwisho. Kufua Jumapili asubuhi ni kufua kifalme. Nguo zinakauka taratibu, hakuna anayekugongea mlango, na mtu unaanza wiki na shuka zinazonukia. Kwa Tove, ndiyo siku pekee anayokuwa nyumbani mchana.

“Torvald,” akauliza Bibi Gunborg wa ghorofa ya chini, ambaye amezika waume wawili na haogopi vikao, “hiyo Jumapili uliioa?”

“Ni haki ya kihistoria, Gunborg.”

“Hata marehemu wangu wa kwanza alikuwa na haki za kihistoria. Nilimwambia naye afue zake.”

Kamati ilihitimisha kazi kwa pendekezo zito: suala la Sasa liendelee kuangaliwa kwa karibu.

Ikafika Jumapili ya mkutano mkuu, mwezi wa Mei, jua limetoka na kila mtu anajifanya haoni baridi. Mkutano ulikuwa ufanyike uani. Nilipokuwa napanga vikombe, Mwenyekiti alipita akielekea chini na kapu la nguo, amevaa joho la kuogea, nyundo ya kuongozea kikao imechungulia mfukoni. Nyundo ile haimwachi, hata sokoni huenda nayo.

“Rune, leo usihangaike. Baadaye nitabonyeza mwenyewe.”

Niliguswa. Ni kiongozi gani mwingine hushuka mpaka kwenye kitufe?

Yaliyofuata ameyaeleza yeye mwenyewe, kwa shida. Alitia mashineni shati na suruali ya mkutano. Akajimwagia kahawa kifuani, akavua joho nalo akalitupa humo humo, kwa kuwa zamu ni yake na mlango umefungwa. Akafungua kabati la joto la kukaushia nguo, atafute cha kujifunika. Joto likamvaa usoni, miwani ikaingia ukungu. Na katika ukungu huo Mwenyekiti wa Ushirika wa Nyumba wa Grankotten akanyoosha kidole, akabonyeza Sasa.

Sisi uani tulichosikia ni kimya. Feni iliacha kukoroma. Watu wakashusha vikombe, wakatazamana. Kisha ukaja ukelele.

Chumba cha kufulia kina dirisha dogo la nondo, usawa wa ardhi. Tuliinama sote. Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya chumba, amejizungushia pazia la watoto lenye picha za bata, alilolitoa kwenye sanduku la vitu visivyo na mwenyewe. Mkononi ana nyundo. Nyuma yake skrini ya buluu imeandikwa: Mfumo unahuishwa. Usizime kompyuta. Asilimia tatu.

“Rune! Zima swichi kuu ya umeme! Umeme ukikatika mlango unafunguka!”

Nikaanza kukimbia. Bibi Gunborg akanikingia njia na birika la kahawa.

“Wewe Rune, unakwenda wapi? Kuna hoja?”

“Hoja gani, bibi? Mwenyekiti kakwama!”

“Nasikia. Nauliza kama kaandika.”

Tove alikuwa amechuchumaa dirishani, pacha mmoja begani, mwingine kwenye kigari. Alizungumza kama anavyozungumza na wazazi wodini, polepole na kwa tabasamu.

“Mzee Torvald, si kuna kanuni kwamba asiguse mtu kompyuta wala umeme wake bila hoja iliyofika kabla ya mwisho wa Januari?”

“Ipo! Niliiandika mimi!”

“Ni nzuri. Leo ni Mei lakini.”

“Tove, mwanangu, niko uchi!”

“Ungeweza kusubiri,” akasema Tove.

Mwenyekiti alipaza sauti akaomba kifungu cha dharura. Ilinibidi nimkumbushe, kama katibu, kwamba dharura tulizifuta wenyewe mwaka ule bomba lilipopasuka, kwa kuwa zilikuwa zinavuruga ratiba.

Skrini ikasoma asilimia kumi na moja.

Basi nini kifanyike? Akidi ilikuwa imetimia, kahawa ilikuwa ya moto, na Mwenyekiti yupo, ingawa chini ya usawa wa miguu yetu. Tukavuta viti, tukazunguka dirisha, mkutano ukafunguliwa. Mwenyekiti mwenyewe aliufungua. Mtu aliyezoea kufungua mikutano hawezi kuona watu wameketi akanyamaza.

Tukafika kwenye taarifa ya Kamati. Nikasoma pendekezo: suala la Sasa liendelee kuangaliwa kwa karibu.

Wanachama wote wakainama dirishani.

“Tunaliangalia,” akasema Bibi Gunborg. “Limefika thelathini na nane.”

“Mimi naona bata,” akasema mtu nyuma.

Tove akasimama. Akapendekeza kwamba, kwa kuwa suala limeshaangaliwa kwa karibu kiasi hiki, mkutano uipokee taarifa kwa kuukubali mfumo mpya, na zamu zote zigawiwe upya kwa kura, kila kaya karatasi moja, Mwenyekiti akiwemo.

“Haiwezekani!” ikatoka sauti chini ya ardhi. “Hiyo ni hoja! Imechelewa!”

“Si hoja,” nikasikia mtu anasema. “Ni hitimisho la taarifa ya Kamati, na taarifa iko kwenye ajenda.”

Nilishangaa ni nani mjuzi wa kanuni kiasi hicho. Nilipoona Mwenyekiti ananitazama mimi kati ya nondo, nikajua.

Ikapigwa kura ya sauti. “Ndiyo” ikatikisa vikombe. “Hapana” ilikuwa moja, yenye mwangwi.

Lakini kwetu kura peke yake haitoshi. Uamuzi si uamuzi mpaka nyundo igonge, na nyundo ilikuwa chini, mkononi mwa mtu aliyevaa bata. Mwenyekiti alilitambua hilo wakati mmoja na sisi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

“Sigongi,” akasema.

Tove akashusha macho kwenye mikono yake, ile iliyopasuka, akamhamishia mtoto bega la pili. Nikaona pale kwamba angeondoka bila kelele, akapige tena magoti kwenye beseni lake.

Nikapanda kwangu, nikachukua suruali yangu ya kijivu, ya kuvalia mazishini, nikaleta. Sina maelezo rasmi ya kitendo hicho. Bibi Gunborg akaipokea, akaining'iniza mbele ya dirisha kama anayeianika.

“Torvald, kipenzi. Huko ndani kuna baridi?”

“Kidogo.”

“Na pazia linatosha?”

“Mbele tu.”

“Mpiga picha wa gazeti amefika. Si ulimwita mwenyewe, aje aone usimamizi bora? Yuko getini, anafunga baiskeli. Sasa chagua. Gonga, suruali iingie. Usigonge, mimi nina subira, na yeye ana kamera.”

Mwenyekiti alitazama nyundo. Akatazama suruali. Hesabu ile si ya kamati. Akageuka, akagonga juu ya mashine ya kukaushia pigo moja la haki, mlio ukapanda mpaka ghorofa ya tatu, na historia ya Jumapili asubuhi ikaishia hapo. Suruali ikapita kwenye nondo. Ilimbana kidogo.

Watoto wakaokota karatasi za zamu kutoka kwenye kofia. Tove akaangukiwa na Jumapili asubuhi. Alilia kidogo, akasema ni vumbi, tukamwamini kwa kauli moja. Mwenyekiti akapata Jumanne, saa kumi na mbili alfajiri.

Skrini ikafika mia. Kompyuta ikazima, ikawaka, haina mkoromo hata kidogo, angavu kama bwana harusi. Mwenyekiti akaweka kitambulisho chake. Ikaandika: Karibu. Wewe ni nani?

“Mwenyekiti,” akaandika.

Jina hili halipo, ikajibu.

Akaandika Torvald. Ikamkubali kama mkazi mpya. Kati ya kanuni zetu zote, mfumo mpya ulibakiza moja tu. Mlango haukufunguka. Kwenye skrini kulikuwa na swali: Je, umesafisha chujio?

Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye Ndiyo, kwa mazoea ya miaka saba. Kisha akakumbuka dirisha. Akageuka, akakuta nyuso zetu zote zimejipanga kwenye nondo, pamoja na ya mpiga picha.

“Fungua tulione,” akasema Tove.

Akalivuta chujio. Sitaeleza kilichotoka, kuna watu wanakula. Niseme tu kwamba kilikuwa na ukubwa wa paka, na Bibi Gunborg alitambua ndani yake sweta aliloibiwa.

“Sawa, sawa,” akasema mkazi mpya Torvald, uso umemwiva. “Nitalisafisha baadaye.”

Neno hilo nimelitumikia miaka saba, kila asubuhi, kwa kidole hiki. Lakini uani kote watu walivuta pumzi kwa pamoja, na nilipofungua kinywa changu nikakuta na mimi nimo, tena napiga kelele kuliko wote:

“Sasa!”