Kalamu ya Insulini na Fahali wa Nyanda

Jumatano, 6 Julai 1994
Kliniki ya kisukari. Baridi kali. Wagonjwa tisa kwenye benchi, wote na mablanketi. Sista Luciana katangaza kwamba wafadhili wameleta kalamu ya kuchomea insulini. Moja tu! Kila mgonjwa aseme anapenda ipi, kalamu au bomba la kioo la kuchemsha, na sababu zake. Uamuzi Jumatano ijayo. Nilipokuwa karani wa ushirika hakuna aliyewahi kuniuliza napenda nini. Sasa soko huria limefika hadi mapajani.

Kalamu nimeiona kwa macho yangu, Sista kaichomeka mfukoni mwa gauni lake. Nyembamba, inang'aa, na haina sindano hata kidogo! Lazima iwe yangu. Nimemwambia Sista kwamba mimi ni karani, nimezoea kalamu. Sababu ya kweli naiandika hapa tu: naogopa sindano. Mwaka wa nne huu mke wangu Bertila ananichoma asubuhi na jioni, mimi nimeng'ata kona ya blanketi. Akinusa pombe ya ulezi, anachagua sindano butu.

Alhamisi, 7 Julai
Saba Saba. Wengine wanapumzika, mimi napeleleza. Mzee Kasmir wa Mollo si tishio. Kachagua bomba, anasema dawa isiyouma haifanyi kazi. Mpinzani ni mmoja tu: Nyanda, Msukuma mfugaji wa Pito. Sista anamwonea huruma, maana anahama na ng'ombe na huko porini bomba atalichemshia wapi? Sababu nzuri kupita yangu. Inaniudhi.

Ijumaa, 8 Julai
Nimekwenda Pito kwa miguu. Nyanda alikuwa zizini na mkewe Minza, mama huyu akiwachoma ng'ombe dawa. Anapiga kofi, anachoma, anahamia kwa mwingine. Niligeukia ukuta.

Nikamweleza Nyanda kwa upole kwamba insulini ya chupa hutoka kwa ng'ombe, Sista mwenyewe alitufundisha. Ya kalamu hutengenezwa kiwandani, haijawahi kuona hata mkia wa ng'ombe. Uso ukambadilika. Akauliza hao wa chupa ni ng'ombe wa nani. Nikasema wa Ulaya. Akasikitika, akasema hao ni wa maziwa tu, hawana nguvu. Halafu akanishukuru sana, akanipa kibuyu cha maziwa ya mgando. Sikusema uongo hata neno moja! Nimerudi naimba.

Jumapili, 10 Julai
Baada ya misa Bertila kaondoka kwenda Mwazye, dada yake Silvana kajifungua. Wiki nzima. Kaniapisha nijichome mwenyewe, au niende kwa Sista kila siku. Nimeapa. Jioni nimechemsha bomba, nimelitazama, nimelirudisha kabatini. Jumatano napata kalamu. Siku tatu si kitu.

Jumanne, 12 Julai
Kiu! Nimemaliza ndoo ya maji. Chooni mara kumi na tisa. Maandishi yanachezacheza kwenye karatasi. Wino wa siku hizi, bidhaa za soko huria.

Alhamisi, 14 Julai
Naandika nikiwa wodini.

Jana nilifika kliniki nikiyumba. Nyanda na Minza wamenitangulia, na fahali! Mwekundu, mkubwa, kafungwa kwenye nguzo ya veranda, anakula pazia la wodi ya wazazi. Nyanda akimsihi Sista kwamba kama dawa ni ya ng'ombe, basi wachukue ya huyu, ambaye yeye anamjua mpaka babu yake. Sista akauliza nani kamwambia mambo hayo. Nyanda akaninyooshea mkono kwa heshima zote, akasema ni Mzee Isdori, msomi.

Nilifungua mdomo nijieleze, nikaanguka. Wanasema niliangukia kwato za fahali. Sista alikuwa ananitafutia mshipa wa kuwekea maji, nesi mwingine anavutana na fahali kuokoa pazia, basi bomba akapewa Minza. Nakumbuka kofi.

Sista anasema bado kidogo tu ningekufa. Bertila kafika leo kwa lori la mahindi. Amelia, kanitukana, akalia tena. Miaka yote hii sijawahi kumwona amechanganyikiwa namna ile. Nimelia na mimi, na si kwa sababu ya sindano.

Jumamosi, 16 Julai
Nyanda kaniletea maziwa. Mbele yangu akamwambia Sista kalamu apewe Mzee Isdori, maana yeye anaye Minza, na huyu mzee ana hofu. Hofu! Nani kamwambia? Lakini nilimshika mkono. Nilimfanyia ujanja, naye ananiachia kalamu. Nimeona aibu ya kweli. Nikaapa moyoni sitamzunguka mtu tena maishani.

Bertila akafurahi. Sista akaniwekea kalamu kiganjani, akavuta kifuniko.

Sindano! Ina sindano! Ilikuwa humo siku zote! Nimepiga kelele mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili kaamka.

Jumapili, 17 Julai
Bertila yuko misani. Nimefikiri sana. Nyanda anapita saa kumi kuniaga, anahamisha ng'ombe. Nitamweleza kwa upole kwamba nimechunguza upya ile kalamu, na kumbe ndani yake mna ng'ombe. Tena dume.