Mstari Mmoja kwa Matawi Kumi na Mawili

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa mitandao anastaafu! Mrithi atatajwa Ijumaa. Kiti kile, na ofisi yenye mlango! Tumebaki wawili: mimi na Miwani, jirani yangu wa meza, anayechana nywele kabla ya kupokea simu. Mkurugenzi katupa kazi: ruta za matawi kumi na mawili, vile vifaa vinavyoelekeza data, zitangaziwe njia ya msingi. Yaani data isiyojua pa kupita iletwe kwetu makao makuu, tuitoe kwenye intaneti. Miwani kaomba siku tatu. Siku tatu! Nimecheka mpaka nikapaliwa na chai.

Jumanne, 4 Machi
Nimemzidi kete. Kwenye mipangilio ya ruta yangu ya makao makuu, ruta zote za matawi ziko kundi moja. Nimeandika mstari mmoja wa amri kwenye kundi, zote zimepata. Dakika moja! Miwani kachungulia, kashauri niongeze sharti: tutangaze njia pale tu sisi wenyewe tunapokuwa na intaneti. Nikamjibu asante, mwalimu. Wivu tu huo. Nikakimbilia kwa mkurugenzi. Kaniita jembe. Jembe!

Jumatano, 5 Machi
Sikai, situlii. Nimepita mbele ya ule mlango mara tisa. Katibu muhtasi kauliza kama nina tumbo la kuendesha.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Saa nne asubuhi intaneti ya makao makuu imekatika. Matawi yana laini zao za akiba. Yangehamia huko bila hata kutuuliza. Lakini ruta yangu, haina pa kutokea, bado inatangaza: leteni huku! Yakaleta. Kila kitu kikaishia kwetu. Simu kumi na mbili kwa mpigo! Nikamwambia mkurugenzi ni panya, katafuna nyaya. Kaagiza panya aletwe ofisini kwake. Miwani akaongeza lile sharti, matawi yakarudi hewani. Wakati huo mimi niko chini ya meza, namtafuta panya.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani kapewa kiti. Nimepiga makofi kuliko wote. Inauma, jamani. Inauma!

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kauliza matokeo. Sijui mdomo ulipata wapi nguvu: nimemwambia nimepata. Kapiga vigelegele, kawapigia simu wakwe. Wanakuja Jumatatu kuiona ofisi yangu.
Sio neno. Miwani ni mtu wa kufuata saa, hutoka kula saa saba kamili. Wakwe wataingia saa saba na dakika moja.