Vidumu Viwili, Beseni Moja

Leo nimejivua nguo mbele za watu. Ovaroli nilikuwa nimevaa, tena imefungwa vifungo mpaka shingoni kwa baridi hii ya mwezi wa saba, lakini nguo nimejivua. Ni bora mlisikie kwangu kabla Mama Festo hajalifikisha sokoni. (Mama Festo ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Akishalifikisha sokoni, Mpanda litafika lenyewe.)

Nianze mwanzo.

Gari langu la fowili mnalijua, lile la kijani ambalo mlango mmoja unafungwa kwa kamba. Tangu niliposhuka nalo Wampembe kufuata dagaa, nikapanda nalo tena ule mlima, difu ya nyuma imekuwa ikivuma. Kwa wasiojua magari: difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli, lina gia ndani, na gia zinaogelea kwenye oili nzito. Oili ikichoka, difu inaanza kuimba. Yangu ilikuwa inaimba sauti zote nne.

Ningeendelea kuisikiliza tu, lakini kuna baba.

Baba amekuja kutoka kijijini, ng'ambo ya Chala, kumwona mjukuu wake. Ni mtoto wetu wa kwanza. Mama alifariki mwaka jana, na tangu tumzike, baba hakuigusa mizinga yake ya nyuki. Mtoto alipozaliwa tukampa jina la mama, Paskalia. Nilipomwambia baba kwenye simu, alinitaka nilirudie lile jina mara tatu. Siku chache baadaye nikasikia kapanda mtini kufuata asali, na umri ule!

Akaja na basi, amepakata kidumu cha njano cha lita tano, amekifunga ndani ya kitenge cha mama. Alipofika akakifungua polepole, akakunja kitenge, akakiweka mapajani kwake, kidumu akampa Editha, mke wangu.

"Asali ya mzazi," akasema. "Ya kutilia uji wa ulezi. Anywe, mke wangu apate maziwa."

(Mke wake ndiye huyo mtoto. Babu na mjukuu, mnajua utani wao. Mimi nami nimwite mama.)

Nilifurahi mno. Ila furaha haikudumu, maana jana akatangaza kwamba baada ya siku mbili anarudi.

"Baba, kaa hata wiki mbili," nikamsihi.

"Nyumba hailali peke yake."

"Nyumba itakufa na nini, baba?"

"Nimesema narudi."

Roho iliniuma. Ile nyumba naijua ilivyo kimya sasa. Anapika ugali wa mtu mmoja, anaongea na kuku. Lakini baba akishasema, amesema. Basi nikaamua angalau nimrudishe mwenyewe, na gari lisimwimbie njia nzima.

Fundi? Fundi wa nini! Nimetazama video kwenye simu, yote, pamoja na matangazo yake. Asubuhi nikanunua oili ya difu ya kupima, muuzaji akanijazia kwenye kidumu changu. Cha njano. Cha lita tano. (Mmeshaanza kucheka. Subirini kidogo.)

Nikapiga jeki, nikaweka magogo, nikaingia chini. Nikafungua nati ya juu kwanza, ile ya kujazia, kama wanavyofanya wanaojua. Halafu ya chini. Oili ya zamani ikatoka kwenye karai, nyeusi tii. Wanasema oili ya difu inanuka vibaya mno. Mimi sikusikia kitu, kwa sababu nina mafua ambayo yamehamia kwangu tangu mwezi uliopita na hayana mpango wa kuondoka. Nikafunga nati ya chini, nikajisikia mhandisi.

Kisha nikainamisha kidumu cha oili mpya. Haitoki! Kwa baridi ile ilikuwa imekuwa nzito kama uji uliolala. Nikatikisa, nikasubiri, ikashuka tone moja kwa madaha.

Hapo ndipo akili ikanijia. (Ingebaki ilikokuwa.)

Uani, karibu na jiko la mkaa, kulikuwa na beseni la maji ya moto. Sasa Editha ana sheria moja katika nyumba hii: vitu vya gari visisogee jikoni kwake. Si spana, si tambara, si harufu. Lakini Editha alikuwa ndani na wamama wa jumuiya, wamekuja kumpa hongera. Nikanyata. Nikakitumbukiza kidumu changu kwenye maji yake, nikaondoka zangu kwenda kulainisha koo kwa chai.

Nilichokuwa sijui ni kwamba beseni lile halikuwekwa pale bure. Asali nayo ilikuwa imeganda kwa baridi. Mara baada ya mimi kuondoka, Editha akatoka mlango wa jikoni na kidumu cha baba, akakiona kingine mle ndani, akadhani ni cha maji, akatumbukiza na chake. Akarudi kunyonyesha.

Baadaye akamwambia Mama Festo, "Mama, nisaidie asali, iko kwenye beseni hapo nje." Mama Festo akakuta viwili. Akavitikisa. Kimoja bado kizito, kingine kimeyeyuka vizuri, cha rangi ya dhahabu. Akachukua kilichoyeyuka. Ni mtu mwenye busara, nami nisingefanya tofauti.

Nikaja mimi. Nikakuta kidumu kimoja. Nilikuwa nimeacha kimoja. Sasa hapo mlitaka nishtuke na nini?

Nikalala tena chini ya gari. Nikachomeka mpira kwenye tundu, faneli juu, nikamimina. Ilikuwa bado nzito, lakini inashuka, ya kahawia, inang'aa. Nikasema, kweli oili mpya ni nzuri, mtu angeweza hata kuilamba. (Nilisema hivyo. Kwa sauti.) Video ilisema jaza mpaka ifurike kwenye tundu. Nikajaza mpaka ikafurika, ikanimwagikia mkononi, nikafunga nati. Kidumuni ikabaki kidogo.

Nilikuwa bado nimelala pale najipongeza, nikasikia mlio. Vuuu. Nikadhani difu inaimba hata gari likiwa limezimwa! Kumbe ni nyuki. Akatua mmoja kwenye nati. Akaja wa pili. Wakaja na ndugu zao.

Nikajiambia, ajabu, hii oili ni ya kiwango cha juu sana, mpaka nyuki wanaitambua.

"Baba Paskalia!" sauti ya Editha kutoka ndani.

Nikaendelea kuwatazama nyuki. (Bado sijalizoea hilo jina. Kila nikilisikia natafuta huyo baba ni nani.)

"Baba Paskalia! Njoo!"

Ndipo nikakumbuka ni mimi. Nikatoka nikajikung'uta, nikaingia.

Nikafika sebuleni. Wamama wote wamekaa wima, na kila mmoja ameshika kona ya khanga puani kwa adabu, kama anayejifuta tu. Mezani kuna kikombe cha uji wa ulezi kinachofuka moshi, Mama Festo amekitia asali kwa ajili ya mzazi kabla ya wengine. Editha hajakigusa. Mimi na mafua yangu sikusikia harufu yoyote. Nikawasalimu kwa furaha.

"Inaweza kuwa ni ya nyuki wadogo," mama mmoja alikuwa anasema taratibu. "Asali yao ina harufu yake."

"Au walikula maua ya tumbaku," akasema mwingine.

"Au ni lile basi," akasema Editha, machozi yanamlenga. "Baba, labda ilikaa karibu na injini ya basi, ikapata joto. Si kosa lako, baba."

Nikamtazama baba. Alikuwa kwenye kile kigoda karibu na mlango, ameangalia chini. Macho yake siku hizi yana ukungu, na hakutaka kupewa kikombe akinuse. Alikuwa ameshajihukumu.

"Msijisumbue kutafuta maneno," akasema. "Imeoza. Mama yenu ndiye aliyekuwa anaichuja, yeye ndiye aliyejua. Mimi kazi yangu ilikuwa kupanda mti tu. Nilidhani nimemwona vya kutosha, nitaweza." Akakipapasa kile kitenge mapajani. "Kamwageni. Na mimi nisingoje kesho, nitawahi basi la mchana."

Mama Festo akainuka na kidumu, ananiuliza mimi kwa sauti ya chini, "Baba Paskalia, nimwage wapi?"

Nikanyoosha mkono nikipokee. Na vidole vyangu havikufunguka.

Vimeshikana. Vyote.

Jamani, kazi ya oili duniani ni kuteleza. Haina kazi nyingine. Hii yangu ilikuwa inashika! Nikatazama kiganja. Na kutoka ndani ya mkono wa ovaroli akatoka nyuki, anatembea polepole kama mwenye nyumba, akafika kwenye kidole gumba, akaanza kula.

Nilielewa yote kwa mara moja.

Nawaambia ukweli, shetani alinipitia. Ningeweza kunyamaza. Ningesema, lete nikamwage. Oili ningeirudisha kimya kimya, difu ningeiosha usiku, na hakuna mtu mjini hapa angejua kwamba mimi, niliyewatambia wiki nzima kuhusu video, nimelitia gari asali. Ila baba angepanda basi la mchana na kitenge chake. Angefika kwenye ile nyumba akiamini kwamba kazi ya mama imekufa na mama. Na ile mizinga asingeigusa tena.

"Asali haijaoza, baba," nikasema.

"Mwanangu, usinifariji."

"Haijaoza. Hii aliyoshika Mama Festo siyo asali. Hii ni oili."

Mama Festo akakitua kidumu chini haraka kama kimemng'ata.

"Na asali iko wapi?" akauliza Editha. Ile sauti yake ya taratibu. Waliooa wanaijua.

"Iko... kwenye gari."

"Kwenye gari, kwenye kiti?"

"Kwenye difu."

Wamama wakatazamana.

"Difu ndiyo nani?" akauliza Mama Festo.

Nikanyoosha kidole nje. Baba akainuka, akashika fremu ya mlango, akatoka. Wamama nao wakatoka, na mzazi akatoka amejifunika blanketi na mtoto. Mtaa mzima ukaona wamama wa jumuiya wamechuchumaa mstari mmoja wanachungulia chini ya gari langu.

Difu haikuonekana. Ilikuwa imevaa nyuki. Wanapanda, wanashuka, wanasukumana kwenye nati, wengine wamefika kwenye kidumu nilichokiacha, na mlio wao ulikuwa mkubwa kuliko ule niliotaka kuutibu.

Baba akapiga goti. Alipeleka mkono katikati yao bila wasiwasi, wakampisha kama wanamjua, akakivuta kidumu. Akachovya kidole kwenye ile iliyobaki. Akalamba. Akafumba macho.

Nikangoja. Mtu mzima mwenye mtoto, nimesimama na mikono imenata, nangoja baba aseme.

"Ni yenyewe," akasema. Akalamba tena. "Safi. Haina hata nta." Halafu akanigeukia. "Umetia kiasi gani?"

"Mpaka ikafurika, baba. Video ilisema..."

"Ikafurika!"

Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikamsogelea. Kumbe anacheka. Anacheka mpaka ameshika tairi, mpaka kikohozi kimemshika, na wamama nao wakaachia yote waliyokuwa wamebana tangu sebuleni. Mama Festo alikaa chini kwenye vumbi na khanga zake za kutokea. Editha akacheka huku ananitazama kwa jicho la tutaongea baadaye.

Baba akajifuta mikono, akampokea mtoto. Tangu mazishi sijamsikia akitaja jina la mama, hata mara moja, anasema "marehemu" au "mama yenu". Leo akamsogeza yule mtoto usoni kwake, akamwambia, kwa ile sauti aliyokuwa akimsemesha nayo mama jioni wakiwa wawili:

"Paskalia. Ee Paskalia. Umemwona mwanao alichofanya?"

Machozi yakanitoka. (Nimewaambia nina mafua.)

Uji ulipikwa upya. Iliyobaki kidumuni imetosha mzazi na wageni, na baba ameahidi nyingine, mizinga imebaki mingi. Kidumu kimerudishwa ndani ya kitenge na hakuna anayeruhusiwa kukifungua, hasa mimi. Sheria ya jikoni imeongezwa: sasa hata nikivaa ovaroli nisipite uani.

Na basi la mchana likaondoka bila baba. La kesho pia halimpati, maana anataka kurudi na gari, akawaonyeshe majirani difu iliyolishwa asali, na gari haliwezi kutembea mpaka lioshwe.

Nimempigia fundi. Amesema niimwage, niisafishe kwa dizeli, nitie oili, kazi ya saa moja. Mimi baba nimemwambia ni wiki mbili. Chekeni mpaka mchoke, lakini atakayemwambia mzee ukweli, kile kikombe cha kwanza cha uji nimemtunzia yeye.